Kitabu Kiwepo Nyumbani Kabla Hakijahitajiwa

Mara nyingi wazazi huuliza ni vitabu gani viwafaao watoto wao, na ni vipi viwafaavyo wao wenyewe kwa kulisha roho. Maswali hayo mawili ni mema, nasi leo twapenda kuyajibu pamoja, maana hayatengani. Mtoto ambaye hajamwona kamwe baba au mama akisoma ataamini kuwa kitabu ni kazi ya shule tu, na siku atakapomaliza shule atakiacha kama aachavyo sare yake.

Kwanza tutazame vitabu vya picha. Wako wanaodhani kwamba hivyo ni mchezo mtupu. Kanisa halikufikiri hivyo tangu kale. Kwenye mwaka 600, Askofu Serenus wa Marseille alizivunja picha takatifu kwa kuogopa watu wasije wakaziabudu. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alimsifu kwa kukataza ibada hiyo, lakini alimkemea kwa kuzivunja, akimweleza ya kuwa asiyejua kusoma hujifunza katika picha yale ambayo msomaji huyapata katika Maandiko. Miaka zaidi ya elfu baadaye, mwaka 1658, mwalimu Comenius wa Moravia alitoa huko Nuremberg kitabu cha watoto ambacho kila somo lilikuwa na picha yake, na vitu vilivyochorwa vilitiwa namba zilizofuatana na majina yake kwa Kilatini na Kijerumani. Hao wawili waliishi mbali mbali, lakini walitambua jambo moja: mtoto huona kabla ya kusoma.

Basi, kama ndivyo, yatupasa kuchagua kwa uangalifu, maana picha ya kwanza ya Mungu imwingiayo mtoto moyoni haiondoki upesi. Twashauri mambo manne.

La kwanza ni ukweli. Bwana wetu alikuwa Myahudi wa Galilaya, nchi ya jua, vumbi na wavuvi. Mchoraji na amwoneshe hivyo. Mtoto wa kandokando ya Ziwa Viktoria au Tanganyika akiona nyavu za Petro, hahitaji maelezo marefu. Watakatifu nao wapewe nyuso zao wenyewe. Yuko Kizito, mdogo wa Mashahidi wa Uganda, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Yuko Yosefina Bakhita, aliyeibwa utotoni huko Darfur akauzwa utumwani, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Yuko Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, aliyeuawa tarehe 1 Desemba 1964. Mtoto awaonapo hao hatadhani kuwa utakatifu ni mali ya watu wa nchi za mbali.

La pili ni kiasi. Mtoto wa miaka minne hana haja ya kuoneshwa moto wote wa Namugongo. Yamtosha kujua kwamba Kizito alimpenda Yezu asikubali kumwacha. Tena tukiepuke kitabu kimwoneshacho Mungu kama askari anayevizia makosa. Mtakatifu Teresia wa Avila, alipokuwa na miaka saba hivi, alisoma habari za watakatifu pamoja na kaka yake Rodrigo, wakatoroka nyumbani kwenda kufa mashahidi. Mjomba wao ndiye aliyewakuta njiani akawarudisha. Hadithi hiyo yachekesha, lakini yafundisha pia. Neno lililosomwa lina nguvu kwa mtoto, na kwa hiyo mzazi awepo karibu alieleze.

La tatu ni lugha. Sentensi ziwe fupi, na Kiswahili kiwe safi. Kabla ya kununua, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, kirudishe mahali pake, kwa maana hutakisoma mara ya pili, na mtoto hupenda kusomewa kitabu kile kile mara ishirini.

La nne, tusidhani ya kuwa vitabu vya dini peke yake ndivyo vyema. Hadithi ya sungura na fisi, kitabu cha ndege, habari za mvuvi na za mkulima, zote humfundisha mtoto kuistaajabia kazi ya Muumba. Mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umesaidia kutokea vitabu vingi vya namna hiyo kwa Kiswahili; msiviache vikae madukani.

Na jinsi ya kusoma? Usiharakishe. Mwache mtoto aoneshe kwa kidole, aulize, apinge. Mwulize, “Huyu ana huzuni gani?” kabla ya kumwambia. Bibi asiyejua kusoma asijidhani hana sehemu. Akae na kitabu, asimulie yale ayaonayo, na mjukuu aliye shuleni asome maneno. Hapo wawili watafundishana.

Sasa twageuka kwenu, wazazi. Mwaka 1521 Ignasi wa Loyola, askari aliyependa sifa, alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika vita ya Pamplona. Alipokuwa amelala kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita ili apitishe wakati. Nyumbani hazikuwapo. Vilikuwapo kitabu cha maisha ya Yezu Kristu na kitabu cha watakatifu, basi akapewa hivyo. Kutoka katika kitanda kile aliondoka mtu mpya. Tafakarini neno hili: vitabu vile vilikuwa nyumbani kabla haijajulikana nani atavihitaji. Je, mwanao akirudi kwako siku moja na mguu uliovunjika, au na moyo uliovunjika, atakuta nini mezani?

Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Sura moja kila jioni, nanyi mtaimaliza kabla ya majuma matatu. Halafu chukueni Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wetu sisi waandishi. Kitabu chake juu ya maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, kilitokana na mashauri aliyomwandikia mama mwenye ndoa, naye afundisha kwamba askari, fundi na mwenye nyumba kila mmoja ana njia yake ya utakatifu. Wenye huzuni wasome Historia ya Roho ya Mtakatifu Teresia wa Lisieux, iliyotolewa mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya kufa kwake akiwa na miaka 24. Mama anayemlilia mwana aliyepotea asome Maungamo ya Mtakatifu Agostino, yale mafungu tisa ya kwanza; manne ya mwisho ni magumu, yangoje. Kitabu cha Kumfuasa Kristu ni chema sana, lakini kiliandikwa kwa watawa. Kitumieni kama dawa, kidogo kidogo, wala kisiwafanye mdharau kazi za nyumba.

Twajua mtajibu, “Fedha haitoshi.” Ni kweli kwa wengi. Lakini siku ya Ubatizo na ya Komunyo ya Kwanza twapika, twakodi viti, twapiga picha. Sehemu ndogo ya gharama hizo ingenunua kitabu kimoja ambacho kingedumu. Jumuiya ndogo ndogo yenye nyumba kumi, kila nyumba ikinunua kimoja na kuazimana, ina vitabu kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Na simu? Hatuilaani, yaweza kuchukua Injili nzima. Lakini simu huita, na kitabu hungoja. Mtoto aliye mapajani mwa baba amhitaji baba asiyeitwa na mwingine, hata kwa robo saa.

Basi, wapenzi, kabla ya Dominika ijayo tazameni nyumbani mwenu. Kama hamna kitabu, nunueni kimoja au azimeni kimoja, mkisome pamoja jioni ile ile.