Kabla Hujakoroga Dawa kwenye Maji ya Kuku

Kijitabu hiki ni cha kaya inayofuga, wawe kuku kumi wa kienyeji uani au mia tatu wa nyama nyuma ya nyumba. Ni cha kaya inayonunua kuku sokoni pia.

Ugonjwa mmoja, dawa ya ugonjwa mwingine

Kuku wameamka wamezubaa, mabawa yameshuka, kinyesi ni cha kijani, na mmoja shingo imepinda. Mwenye banda anakimbilia duka la dawa za mifugo, anaeleza alichokiona, anarudi na pakiti ya unga wa njano. Unakorogwa kwenye maji na wote wanakunywa, wagonjwa kwa wazima. Siku ya tatu nusu ya banda imekufa.

Dalili hizo mara nyingi ni za mdondo, wengine huuita kideri, na mdondo huletwa na kirusi. Antibiotiki huua bakteria, kirusi haikigusi. Gumboro na ndui ya kuku nazo ni za virusi. Hata shubiri iliyopondwa majini, ambayo wengi wetu tumerithi kwa bibi zetu, haijawahi kushika nafasi ya chanjo. Tukitaka kupunguza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tuanzie hapa, kwenye dawa inayonunuliwa kwa ugonjwa isioutibu.

Dawa hiyo isiyotibu haipotei bure tu. Utumbo wa kuku una bakteria wengi. Dawa inaua walio dhaifu, wachache wanaoistahimili wanabaki peke yao, nafasi ni yao, wanazaana. Dozi ya kukisia, au ya siku mbili badala ya tano zilizoandikwa, inawapa nafasi zaidi. Kibaya zaidi, bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wasio wa jamii moja. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kinasaba kiitwacho mcr-1, kinachomlinda bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa nyingine. Walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya kuku, na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku kuchanganya kolistini kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka.

Dawa za bandani na za zahanati ni ndugu

Wengi hudhani dawa ya kuku ni ya kuku. Soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina la biashara. Oksitetrasaiklini, ambayo madukani ni OTC, ni ndugu wa doksisaiklini. Tailosini ni ya ukoo wa erithromaisini. Sulfa iliyochanganywa na trimethoprimu ni jamii ya septrini. Enrofloksasini ndiyo inayotia wasiwasi zaidi: ndani ya mwili sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini, ileile sipro anayoandikiwa mtu. Marekani iliiondoa kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005, baada ya kuona bakteria wa Kampilobakta walio sugu kwa kuku na kwa watu. Kwetu bado inauzwa.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kuku wasibebeshwe lawama zote. Vidonge vya rangi mbili tunavyomeza wenyewe bila cheti vina sehemu yake kubwa. Ila banda ni mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kubadili jambo leo, bila kusubiri mtu.

Chanjo na maranda makavu

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 hutengenezwa hapa Tanzania. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, ingawa bado hutunzwa penye baridi na huharibika ikianikwa juani. Mshike kuku, mlaze ubavu, dondosha tone moja jichoni, subiri apepese jicho ndipo umwachie. Tone likimwagikia shavuni, rudia. Rudia chanjo kila baada ya miezi mitatu. Majirani mkichanja siku moja ni nafuu zaidi, kwa sababu kichupa kimoja huchanja kuku wengi na kikishafunguliwa hakiwekwi hadi wiki ijayo. Kuku aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi.

Maranda ya sakafuni mwa banda nayo yapime: chukua konzi moja, finya, kisha fungua kiganja. Yakibaki donge, ni mabichi: yageuze, ondoa yaliyoloa kuzunguka vyombo vya maji, pandisha vyombo hadi usawa wa mgongo wa kuku. Unyevu ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu na ndio unaotoa ile hewa kali inayochoma macho na kuharibu mapafu ya kuku. Vifaranga wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakijitenga nayo wana joto. Rekebisha taa kabla hujafikiria dawa.

Wakifa wawili watatu kwa mkupuo, mpigie afisa mifugo na umpe mzoga mmoja ambao haujaoza aupasue. Mizoga mingine ifukie chini sana au ichome. Usiiuze, usiwape mbwa.

Siku ya kuchinja

Kuna mtindo wa kuwahi kuchinja kuku wakianza kuzubaa, dawa ikiwa bado mwilini. Kila pakiti imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai. Hesabu kuanzia dozi ya mwisho, na uandike tarehe kwa chaki mlangoni mwa banda, kila mtu nyumbani aione. Mapishi huua bakteria, hata walio sugu, lakini hayaondoi mabaki yote ya dawa.

Jikoni hatari kubwa ni maji. Kumwosha kuku mbichi bombani hurusha matone hadi kwenye kachumbari iliyo pembeni. Akihitaji kusafishwa baada ya kunyonyolewa, tumia beseni lake, polepole, kisha osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Mpike mpaka nyama ya karibu na mfupa wa paja isiwe na wekundu. Kinyesi kibichi cha kuku usikimwage kwenye mchicha. Kirundike, kifunike, kioze vizuri ndipo kiwe mbolea.

Mtoto akiharisha

Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji antibiotiki. Mpe ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukifika, mwambie mganga kwamba nyumbani mnafuga kuku, na kama kuku wametibiwa karibuni, beba pakiti tupu ya dawa waliyopewa ili aone jina lake.