"Niko bize" haimaanishi unauza

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupiga picha. Naongelea hii tabia yetu ya kuwa bize kutwa nzima, maana mimi ilikaribia kunikosanisha na mama yangu mzazi.

Nauza mashuka mtandaoni, nipo Mbagala. Mwaka jana mama alinikopea 400,000 kwenye kikoba chake, tukakubaliana nirudishe ndani ya miezi minne. Miezi hiyo sikupumzika. Saa kumi na moja alfajiri nipo kwenye simu najibu "bei gani", saa nne nipo kwenye daladala naenda Kariakoo kufuata shuka la mteja mmoja, saa nane napakia, jioni nabishana na bodaboda, usiku naposti mpaka nasinzia na simu mkononi. Ukinipigia nakwambia niko bize, tena naisema kwa raha kabisa. Video za "oda zinapakiwa" nilikuwa narusha kila siku, na nikiri tu, kuna siku mifuko ile ile niliirekodi mara mbili ili ionekane mingi.

Siku ya kurudisha hela ilipofika nilikuwa na 95,000. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kuchoka nakuona unachoka. Hela yake inakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Na kule kwenye kikoba aliyekuwa anasubiriwa ni yeye, sio mimi.

Usiku ule nikachukua daftari, nikapiga hesabu ya shuka moja tu. Nanunua 18,000, nauza 25,000. Kichwani nilikuwa najihesabia faida 7,000. Haya twende. Bodaboda 5,000, kwa sababu nilitangaza mzigo unaletewa bure Dar nzima. Mfuko 500. Nauli ya Kariakoo kwenda na kurudi 1,400, maana nilikuwa nafuata oda moja moja. Imebaki 100. Mia moja jamani! Hapo bado bando, na bado sijala. Kumbe miezi yote minne nilikuwa nakula mtaji wa mama huku natokwa jasho. Na ule ubize ndio ulionificha, kwa sababu mtu akishachoka haimjii hata kujiuliza kama amepata.

Zoezi lililonisaidia ni hili. Siku 7, andika kila unachofanya na muda wake. Pembeni weka herufi: H kama kinaleta hela (mteja anayetaka kulipa, kupakia, kufuatilia malipo), M kama ni maandalizi ya lazima (kufuata mzigo, picha, hesabu), K kama ni kelele. Usilidanganye daftari. Mimi siku ya kwanza tu nilikuta masaa matatu ya K: kuangalia nani kaona stetasi yangu, kuchungulia kurasa za wauzaji wenzangu, na kujibu "bei gani" za watu 14, hakuna hata mmoja aliyenunua.

Hiyo "bei gani" nikaifikiria sana. Mbona wananiuliza? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naandika "bei njoo inboksi". Wapo wanaosema ukificha bei unamvuta mteja. Labda kwenye viwanja na magari. Kwenye shuka la 25,000 ulichovuta ni maswali. Siku hizi bei, saizi na idadi ya foronya vipo juu ya picha yenyewe, na anayekuja inboksi anakuja kuuliza rangi. Yaliyobaki nimeyahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, programu yenyewe ni ya bure. Unaandika mkwaju huu / na neno lako fupi, jibu zima linatokea.

Kariakoo sasa naenda Jumanne na Ijumaa tu. Oda nafunga usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikibeba mashuka matano kwa safari moja, nauli ya 1,400 inakuwa 280 kwa kila shuka. Bodaboda analipa mteja, na ninamwambia kabla hajatuma hela. Sitawadanganya, nilipoteza wateja, hasa wale wa "naitaka leo leo". Iliniuma wiki mbili hivi. Lakini kila mmoja wao alikuwa ananiachia mia. (Kama unauza chakula cha mchana usinifuate hapa, mteja wako ana njaa sasa hivi.)

Kwenye kuposti ndiyo nilichelewa kubadilika. Kuna Mwingereza anaitwa Cyril Northcote Parkinson, mwaka 1955 aliandika kwenye gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Alitoa mfano wa bibi asiye na shughuli nyingine, anayeweza kumaliza siku nzima kwa kumtumia mpwa wake kadi moja tu. Alikuwa anawatania watumishi wa serikali, ila nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimetoka kutumia masaa mawili kuchagua wimbo wa kuweka kwenye video ya sekunde 20. Na stetasi yenyewe ya WhatsApp ikifika masaa 24 inapotea! Sasa najiwekea saa moja, kengele ikilia narusha ilivyo.

Deni la kikoba nililimaliza kidogo kidogo, nimechelewa miezi mitatu. Faini ya kuchelewa mama aliilipa mwenyewe, hiyo bado ananidai.

Wewe leo usiku chagua bidhaa moja tu, ile unayoiposti sana. Toa bei ya kununua, nauli, mfuko, bodaboda na makato ya kutuma hela. Halafu niandikie kwenye komenti imebaki shilingi ngapi. Usione aibu, mimi yangu ilikuwa mia.