Sindano ya kwenye gemu na swali la mwanafunzi



Mwezi uliopita tulikuwa katika mlango wa vileo, somo la Fiqhi, pale mwanafunzi wa kidato cha pili aliponiuliza: "Ustadhi, kwenye gemu mtu wangu akipigwa risasi namdunga sindano ndipo anapona. Hiyo nayo ni haramu?" Darasa zima likacheka. Nami kwa haraka nikamjibu kuwa ule ni mchezo tu, tuendelee. Jibu lile halikunipa raha, naomba nilirudie hapa.

Kwanza, kuonesha kilevi si sawa na kukitumia. Qur'an yenyewe imeitaja pombe, na Suratul-Baqara aya ya 219 haikuficha kuwa ina manufaa, ila imebainisha kuwa madhara yake yanazidi. Kisha Waislamu wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa (An-Nisaa, 43), hadi likaja katazo la moja kwa moja katika Suratul-Maida, 90 na 91. Kwa hiyo wanaotaka kila sigara ifutwe katika kila mchezo, pamoja na nia yao njema, sidhani kama wameshika penyewe. La kuuliza ni hili: kilevi kile kinampa mchezaji nini?

Tazama kisa cha Australia. Mwaka 2008 bodi ya nchi hiyo inayopanga madaraja ya filamu na michezo iliikataa gemu iitwayo Fallout 3, kwa sababu mchezaji alitumia morfini, dawa ya kweli, akapata faida. Watengenezaji wakaibadilisha jina dawa ile, wakaiita Med-X, na gemu ikapita. Sindano ilibaki, nafuu ilibaki, jina ndilo lililoondoka! Mtume (S.A.W.) alikwishatutahadharisha kuwa watatokea watu watakaokunywa pombe huku wakiipa jina jingine. Sisemi hadithi ile iliwakusudia wacheza gemu, inawahusu wanywaji. Lakini hila ni ileile.

Mwaka 2021 nchi hiyohiyo iliikataa Disco Elysium, kisha ilipoombwa kuangalia upya ikairuhusu kwa watu wazima, baada ya kuona kuwa humo mtumiaji wa dawa hatimaye anaharibikiwa. Hapa naona walipima vizuri zaidi. Ipo pia Metal Gear Solid ya mwaka 1998, ambamo sigara inampunguzia mhusika uhai kidogo kidogo, lakini inamwezesha kuiona miale ya mitego. Mtoto atakumbuka lipi, ule uhai uliopungua au mtego aliouvuka?

Katika filamu kijana anamtazama mwingine akivuta. Katika gemu kidole chake ndicho kinachobonyeza, na kila akibonyeza analipwa, hata mara mia kwa siku. Nasi hapa Dar es Salaam si wageni wa sindano. Tangu mwaka 2011 Muhimbili inatoa methadoni kwa vijana wanaojinasua na unga, na mitaa yetu inawajua mateja kwa majina ya baba zao.

Wenzetu wa Ulaya huweka alama ya sindano kwenye ganda la gemu yenye mambo hayo, ili mzazi ajue. Lakini anayelipia mechi kwenye kibanda cha gemu haoni ganda, na mwenye kibanda anachoangalia ni hela. Wazazi nao wanashukuru mtoto hazururi.

Wiki iliyofuata nilimwita yule kijana. Nikamwambia dhambi ya mlevi hajaibeba, ila gemu inayomzoesha kuwa kila maumivu dawa yake ni sindano aiache, na mdogo wake wa darasa la tatu asimwachie kabisa. Akaniuliza kwa adabu, "Ustadhi, wewe umewahi kuicheza?" Nikakiri sijawahi. Tumekubaliana Jumamosi baada ya Adhuhuri aje anioneshe, na baba yake awepo.