Majina Yasiyoandikwa Juu ya Jiwe

Watu wa Kitui na Makueni wafikao Nairobi kwa shughuli zao hupita mara nyingi karibu na sanamu tatu za shaba zilizo katika barabara ya Kenyatta Avenue. Yafaa msomaji asimame hapo kidogo, maana habari za sanamu hizo ni habari za kwao.

Ziliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918. Mmoja ni askari wa Keya, wa pili ni askari Mwarabu, wa tatu ni mpagazi. Huyo mpagazi ndiye tumtazame zaidi. Vita vilipoingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Basi vyakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwashurutisha watu kufanya kazi hiyo, na mwaka 1917 walikusanywa wengi mno, pamoja na Wakamba wa Kitui na wa Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi kwao. Walio wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria na uchovu.

Kisha twende Makaburi ya Vita yaliyo Ngong Road. Humo mna ukumbusho wenye majina ya askari wa Afrika ya Mashariki waliokufa katika vita vya pili vya dunia, na makaburi yao hayajulikani. Baadhi yao walikuwa wapiga mizinga waliosafiri katika meli Khedive Ismail kutoka Mombasa. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa watu zaidi ya 1,200.

Hapo ndipo tofauti ionekanapo. Aliyezama baharini mwaka 1944 jina lake lasomeka. Mpagazi aliyezikwa kando ya njia mwaka 1917 ana sanamu tu, ambayo si yake peke yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wahenga walisema, vita havina macho. Gharama yake haihesabiwi kwa maiti tu, bali pia kwa shamba lililokosa mlimaji, na mama aliyengoja mpaka akafa. Jiwe haliwezi kuyasema hayo, wazee waweza.

Maswali ya kufikiri:

1. Katika ukoo wako, ni nani aliyekwenda vitani asirudi?

2. Jina lake limeandikwa wapi? Kama halikuandikwa, ni nani atakayeliandika kabla mzee alijuaye hajafa?