KIMOMBO CHA KICHEKO: SOMO KUTOKA KWA WACHEKESHAJI WA USIKU

Mpenzi msomaji, najua swali lako la kwanza. Chama cha Kiswahili na kimombo, wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona jinsi tulivyofika huku.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aliangusha bika katika maabara ikavunjika vipande vipande. Mwalimu mgeni aliyekuwa karibu akamtazama, akasema polepole, "Oh, nice work." Mwenzetu akasimama wima na kujibu kwa adabu zote, "Thank you, sir." Darasa zima liliangua kicheko. Naye, kwa kutojua kinachochekwa, akacheka pia! Alielezwa usiku bwenini, na kwa siku kadha hakutia neno la Kiingereza kinywani. Kijana huyu, ndugu zangu, si mbumbumbu. Katika sarufi ya Kiingereza wengi wetu tunamwona kisogo. Maneno yote mawili aliyajua tangu shule ya msingi. Kilichompita ni sauti.

Basi Kiingereza cha namna hiyo, ambapo maneno yanakwenda huku na maana inakwenda kule, hukipati kwa urahisi katika kitabu cha sarufi. Kimejaa tele katika vipindi vya vichekesho vya usiku vya Marekani. Kipindi kiitwacho The Tonight Show kilianza mwaka wa 1954, na Johnny Carson peke yake alikiendesha kwa miaka 30, toka 1962 hadi 1992. Mambo yenyewe ni sahili: mtu amevaa suti, anasimama mbele ya watazamaji, anataja habari za siku hiyo moja baada ya nyingine. Rais kasema nini, seneta kashikwa na nini, mwanamuziki gani kaachana na mumewe. Kila habari inafuatwa na mzaha. Baadaye vikaja vingine: Saturday Night Live (1975), chenye michezo mifupi ya kuigiza iliyo jamaa na Vitimbi vyetu, na The Daily Show (1996), kinachojifanya taarifa ya habari. Vingi vya aina hii huanza saa tano na dakika 35 usiku kule New York, yaani kwetu saa kumi na mbili na dakika 35 asubuhi, wakati sisi tunagombania bomba la maji. (Wenzetu wakibadilisha saa zao majira ya baridi, inakuwa saa moja na dakika 35.) Usihofu. Vipande vyake huwekwa YouTube, na likizo ni ndefu.

Ubora wake kwa mwanafunzi ni huu. Mchekeshaji hutoa kwanza sentensi moja ya habari, iliyonyooka, ambayo hata wa Kidato cha Kwanza ataielewa. Sentensi ya pili ndiyo inayopinda. Halafu watu wanacheka. Kicheko hicho ni kengele: hapo ndipo maana ilipo! Kengele ikilia nawe umekaa tu kama sanamu, rudisha nyuma usikilize tena, kisha ujiulize umekosa nini. Je, ni neno? Ni sauti? Au ni habari yenyewe?

Tuanze na habari, kwa kuwa wengi hudhani tatizo ni msamiati siku zote. Mwaka wa 2015 Trevor Noah, mzaliwa wa Johannesburg, alipewa usukani wa The Daily Show, akaushika hadi 2022. Katika siku zake za mwanzo alichukua picha za Donald Trump, ambaye wakati huo alikuwa mgombea tu, akazionyesha sambamba na za Idi Amin na viongozi wengine wa Afrika, kila mmoja akijisifu kwa zamu. Mzaha wake ulikuwa kwamba Wamarekani wasishangae, huyu ni rais wa Kiafrika kabisa. Hapo Mmarekani asiyemjua Amin alihitaji kuelezwa. Mwanafunzi wa Busia au Kisumu angecheka kabla yake! Hali kadhalika, kundi letu la Redykyulass lilipokuwa likimwigiza Rais Moi kwenye runinga, mgeni mwenye Kiswahili sanifu kabisa, lakini asiyewahi kuisikia sauti ya Mzee wala kuiona fimbo ya Nyayo, angebaki ametoa macho. Kwa hiyo usiikimbilie kamusi kila mara. Pengine unachohitaji ni gazeti.

Sasa neno. Chukua "flip-flop". Maana ya kwanza ni kandambili, au patipati kama tunavyoziita bwenini. Maana ya pili ni kugeukageuka katika msimamo. Mwaka wa 2004 John Kerry aligombea urais dhidi ya George W. Bush. Akiulizwa juu ya kura ya dola bilioni 87 za vita vya Iraki na Afghanistani, alisema kwamba aliipigia kura ya ndiyo kabla hajaipigia ya la. Lo! Wapinzani wake walimwita kwa neno hilo, wakazipunga kandambili hewani kwenye mkutano wao mkuu, na wachekeshaji wakapata chakula cha miezi. Ukishaiona kandambili ile, hutalisahau neno hilo maishani. Sisi tungemwita kinyonga, na tofauti ni tamu: Mwingereza anasikia mlio wa kandambili, paa-pa, paa-pa, Mswahili anaona rangi.

Sauti ndiyo ngumu. Mmarekani akisema "twenty" utasikia "tweni", na "I am going to" inakuwa kitu kama "amgona". Hiyo sikio huzoea baada ya wiki mbili tatu. Kinaya ndicho kisichozoeleka upesi. Mchekeshaji atataja mwanasiasa aliyekamatwa na mlungula, halafu aseme "Good for him!" huku sauti ikishuka na uso umekauka. Hajampongeza mtu hapo. Lakini si kinaya tunakisoma kila siku katika fasihi? Tunakitambua kwenye tamthilia na kukiandikia alama nne, kisha kikija maabara tunakiambia asante.

Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Njia tuliyojaribu Jumamosi jioni, sita kati yetu, ni hii: baada ya kipande cha dakika tatu, mmoja anasimama na kuueleza mzaha kwa Kiswahili. Haruhusiwi kutafsiri neno kwa neno. Akishindwa, basi hakuelewa, hata kama alicheka kuliko wote. Tulikwama siku nzima kwenye "truthiness", neno ambalo Stephen Colbert alilivumisha katika kipindi chake cha kwanza, tarehe 17 Oktoba 2005. Ni ukweli ambao mtu anauhisi tumboni tu, bila kujali ushahidi unasema nini. Mmoja akapendekeza "ukwelikweli". Mwingine akasema "ukweli wa moyo". Hatujakubaliana hadi leo, lakini neno lenyewe sasa tunalijua barabara.

Tahadhari mbili. Usimpelekee mtahini "gonna" na "wanna" kwenye insha ya KCSE. Mmoja wetu alijaribu katika mtihani wa majaribio, na wino mwekundu ulimwagika kama wa fisi aliyechinja. Hiyo ya pili ni nzito zaidi. Mwaka wa 2008 Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyewania umakamu wa rais, alisema katika mahojiano kwamba kuna mahali Alaska ambapo mtu huweza kuiona Urusi. Siku chache baadaye Tina Fey akamwigiza kwenye Saturday Night Live, akasema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Watu wengi hadi leo huapa kwamba Palin mwenyewe ndiye aliyesema hayo ya nyumbani. Kwa hiyo lugha ichukue kwa mchekeshaji, lakini habari kaitafute kwingine.

Yule mwenzetu wa bika ni mmoja wa wale sita. Juzi alichelewa kuleta kitabu changu wiki nzima, nikamwambia, "Wow, so fast." Akanitazama, akasema, "I know, right?" Na kitabu hakunipa.

ZOEZI LA LIKIZO. Eleza kwa Kiswahili, bila kutafsiri neno kwa neno, misemo hii inayotumiwa sana juu ya wanasiasa: "to walk it back", "to double down" (asili yake ni mchezo wa karata, mchezaji anapoongeza dau lake maradufu), "to throw someone under the bus". Majibu yamfikie katibu wa chama kabla ya Ijumaa ya pili ya muhula.