Nyoka wa Nchi ya Joto na Nyoka wa Mlimani

Watu wengi hudhani kuwa nyoka wote wana desturi moja: hutaga, mayai huanguliwa, nao wana huenda zao. Lakini sivyo. Joto na baridi ya nchi, na urefu wa milima yake, ndivyo viamuavyo kwa sehemu kubwa nyoka atazaa wana wangapi, na kwamba atazaa mara nyingi au mara chache. Twapenda kueleza jambo hili, maana wazee na waalimu huulizwa na vijana habari za nyoka, na mara nyingi majibu yatolewayo ni hadithi tu.

Kwanza yapasa kukumbuka kuwa mwili wa nyoka hauna moto wake wenyewe. Ng'ombe hula majani, na chakula kile humtia joto hata usiku wa baridi. Nyoka hapati joto ila kwa jua, au kwa jiwe na udongo uliopigwa na jua. Akikosa joto hawezi kuwinda wala chakula hakiyeyuki tumboni mwake, na mwana haumbiki ndani ya yai. Kwa hiyo saa za jua kwa nyoka ni kama siku za kazi kwa mkulima.

Tutazame bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu. Hukaa katika nchi za nyasi na vichaka karibu Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Hatagi, wanawe huzaliwa hai, mara nyingi 20 hata 40, na bafe mmoja aliyetoka Kenya alizaa wana 156 katika bustani ya wanyama huko Ucheki. Haijulikani hesabu kubwa kuliko hiyo kwa nyoka yeyote. Tumesikia wengine wakisema kwamba wana hao humpasua mama yao tumbo. Hiyo si kweli. Iliyo kweli ni kwamba kila mmoja huzaliwa na sumu yake tayari, basi akionekana kadogo njiani, mtoto asikaguse.

Chatu naye hutaga, na kazi yake si ndogo. Mtaalamu mmoja wa Afrika Kusini, Graham Alexander, alitoa habari zake mwaka 2018, baada ya kuwachunguza chatu kwa miaka mingi. Chatu jike hutaga shimoni, kisha hutoka kuota jua hata mwili wake hupata moto kupita kiasi cha kawaida, na rangi yake huwa nyeusi ili ashike joto zaidi. Halafu hurudi kuyazunguka mayai yake na kuyapa joto alilolichuma nje. Muda wote wa uzazi, zaidi ya miezi sita, hali kitu. Hata wana wakiisha kuanguliwa, hukaa nao siku kadhaa. Basi jike aliyekonda namna hiyo hawezi kuzaa kila mwaka.

Sasa na tupande mlimani. Katika milima ya Nyandarua na mlima Kenya, tangu kiasi cha futi 9,000, mahali misitu inapokwisha na mafungu ya nyasi ndefu kuanza, yuko nyoka mdogo wa ukoo mmoja na bafe. Wataalamu walimwandika mwaka 1910. Hata akiisha kukua, urefu wake haufiki futi moja na nusu. Usiku maji huganda kule juu, naye hujificha ndani ya fungu la nyasi mpaka jua limpashe. Ndipo hutoka kuwinda vinyonga, mijusi na vyura wadogo. Wana wake ni wawili au watatu tu.

Yai likiachwa katika udongo wa baridi kama ule, haliwezi kuondoka kulifuata jua. Lakini mama aweza. Hubeba wanawe tumboni na kuota jua pamoja nao. Hata hivyo tusiseme kwamba baridi peke yake ndiyo sababu, maana bafe wa nchi za joto naye huzaa wana hai. Hayo ni mambo ya ukoo pia. Lakini ulimwenguni pote, kadiri nchi izidivyo baridi ndivyo wazidivyo nyoka wazaao hai miongoni mwa nyoka wa nchi hiyo. Katika Sweden, kaskazini ya Ulaya, yuko nyoka wa sumu alalaye ardhini zaidi ya nusu ya mwaka. Jike wake huzaa mara moja tu katika miaka miwili au mitatu.

Turudi kwa huyu wetu. Nyandarua na mlima Kenya ni kama visiwa viwili vya baridi katikati ya bahari ya joto, naye hawezi kuivuka nchi ya chini iliyo kati yake. Nchi ikizidi joto hana njia ila kupanda juu, na mlima una mwisho. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza nyasi na vichaka vingi vya mlima Kenya. Bafe akiuawa bondeni, jirani yake aweza kuijaza nafasi kwa uzazi mmoja. Mlimani nafasi hiyo hungoja wana wawili au watatu, nao hutoka katika mlima ule ule.