Umenunua kwa Halali: Je, Waweza Kuvunja Kufuli Yake?

Tuseme mwalimu wa shule moja hapa Ifo amenunua DVD ya masomo ya sayansi na kupewa risiti. Vumbi la huku halina huruma kwa diski, kwa hiyo anataka kuinakili kwenye kompyuta. Kompyuta inakataa, kwani diski ina kufuli ya kidijitali. Kijana wa duka la simu sokoni anamwambia anayo programu ya kuifungua kwa dakika tano. Je, ni halali?

Hapana. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema anayekwepa kinga ya kiufundi iliyowekwa kulinda kazi amekiuka hakimiliki. Hakitofautishi aliyenunua na asiyenunua. Kijana wetu naye hayuko salama: kutengeneza, kuingiza nchini au kusambaza vifaa vilivyobuniwa hasa kwa kukwepa kinga hizo pia ni ukiukaji. Alichonunua mwalimu ni diski. Kazi iliyomo bado ina mwenyewe. Na sheria hii humhusu kila aliye Kenya, mwenyeji au mkimbizi.

Hapo pana ugumu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu matumizi ya haki, yakiwemo ya kibinafsi, na mwenye programu ya kompyuta kihalali anaweza kutoa nakala ya akiba. Lakini ruhusa hiyo ya akiba imetajwa kwa programu za kompyuta, si kwa filamu. Kusema kweli, kufuli humbana mnunuzi mwaminifu kuliko yule anayejaziwa memori kadi kwa nakala ambazo tayari zimefunguliwa.

Kwa wasioona, mambo ni tofauti kidogo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na Kifungu cha 7 cha mkataba huo kinazitaka nchi wanachama kuhakikisha kufuli hizi haziwazuii wasioona kufaidi kazi kwa njia wanayoweza kuisoma au kuisikiliza.

Mwalimu wetu afanye nini basi? Aitunze risiti, amwombe muuzaji diski nyingine ikiharibika, au amwandikie mwenye kazi kuomba idhini ya kunakili. Akiwa na swali kuhusu sheria, aulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Kwa masomo ya kusoma, zipo hadithi za African Storybook, kwa Kiswahili na Kisomali, ambazo hazina kufuli: unaweza kuzinakili na kuzichapisha bila kuomba idhini, mradi uwataje waliozitunga.